KHOFU NA TUMAINI CHINI YA MLIMA WA MOTO



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Maudhui ya hotuba hii ni jambo ambalo kila mkazi wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, awe wa Goma upande wa Kongo au wa Gisenyi upande wa Rwanda, amepata kuliwaza usiku, ijapokuwa huenda hakulitamka kwa ulimi. Nalo ni hili: imekuwaje nchi iliyo nzuri kiasi hiki ikawa na ukali kiasi hiki? Na Mwislamu aishi nayo vipi, asiikufuru neema yake wala asidanganyike nayo?

Yafaa kuanza na uzuri, kwani si uungwana kuhesabu machungu kabla ya kuhesabu neema. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, umesimama kaskazini ya Goma, mwendo usiofika kilomita 20 kutoka mjini. Mchana hujitanda wingu jeupe mabegani kama mzee aliyejifunika shuka. Usiku, katika miaka ambayo ziwa la moto lililomo kinywani mwake limejaa, wingu lile lile hugeuka jekundu, na mtu aliyetoka uani kutia udhu kwa sala ya Isha huinua macho akaliona, akanyamaza. Chini ya mlima limetandazwa ziwa ambalo kina chake hupita mita 450. Jua likisha kuchwa, wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakivuta makasia kwa nyimbo, na taa zao huonekana kwa mbali kana kwamba nyota zimeshuka kuoga. Sambaza wenyewe hawakuwa wenyeji wa maji hayo; waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaa na kuenea, na leo ni kitoweo cha tajiri na maskini.

Ama udongo wa nchi hiyo, ni mweusi na wenye rutuba. Viazi, maharagwe na kabeji za Kibumba hushuka sokoni zikiwa zimelundikwa juu ya chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ambacho kijana hukisukuma mlimani na kukipanda mteremkoni. Chukudu moja imelisha nyumba ngapi, na imesomesha watoto wangapi! Hayo ni katika neema ambazo mwenye kuzihesabu hazimaliziki.

Sasa na yatajwe yaliyo upande wa pili.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka, na ziwa lote la moto lililokuwa kinywani likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Zaha ya mlima huu, yaani mawe yaliyoyeyuka, ni nyepesi kuliko ya milima mingi ya moto duniani. Haiburuziki kama uji mzito, bali hutiririka kama maji ya mafuriko. Vijiji vilivyokuwa njiani havikupata nafasi ya kukimbia. Hesabu za waliokufa hutofautiana: wako wanaosema makumi, na wako wanaosema mamia.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, mlima ulipasuka tena, na safari hii moto ukaingia mjini. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaukata mji wa Goma vipande viwili, ukaenda ukajitupa ziwani. Zaidi ya sehemu ya kumi ya mji iliteketea, na watu kiasi cha 120,000 wakabaki pasina makao. Malaki walivuka mpaka wakaingia Gisenyi kwa miguu, huyu kabeba godoro, huyu kabeba mtoto, huyu kamshika mkono mzazi wake asiyeona. Na siku nne baadaye, watu wakichota mafuta katika kituo cha petroli kilichozungukwa na zaha ambayo ilikuwa bado haijapoa, kituo kile kiliripuka na kuua watu kwa makumi.

Kisha ikaja tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi. Haikuwa imetimia siku kumi tangu Idi ya Fitri. Nguo za Idi za watoto zilikuwa bado mpya. Magharibi ilipokwisha kuingia, mbingu ikawa nyekundu. Zaha ilishuka ikala nyumba za vijiji na za mitaa ya pembezoni, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu 30 na zaidi walifariki, baadhi yao barabarani katika msongamano wa kukimbia, na baadhi yao kwa hewa ya sumu walipojaribu kukatiza juu ya zaha ambayo uso wake ulikuwa umekwisha kuwa mweusi lakini tumbo lake lingali moto. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado yatetemeka, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na watu wanaokisiwa kufika 400,000 wakatawanyika kwenda Sake, Rwanda na Bukavu. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika giza.

Tena kuna mauti yasiyo na kishindo. Katika mabonde madogo na mashimo ya ufukoni, magharibi ya Goma kuelekea Sake, hukusanyika hewa ambayo wenyeji huiita mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, isiyo na rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini kama maji yasiyoonekana. Alfajiri, kabla ya upepo kuamka, ndipo inapokuwa kali. Mtu mzima hupita akiwa wima asidhurike; mtoto anayecheza chini, au mbuzi anayeinama kula majani, hulala asiamke. Na ndani ya ziwa lenyewe, katika vilindi vyake, zimo kilomita za ujazo 300 hivi za gesi hiyo hiyo pamoja na kiasi cha 60 za methani, zimekandamizwa na uzito wa maji.

Ndugu Waislamu, hayo ndiyo mambo mawili yaliyowekwa mkabala. Na jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba hayo si mawili kwa asili yake. Wataalamu wa ardhi wanaeleza kuwa Bonde la Ufa linaachana polepole, kwa milimita chache tu kila mwaka, na katika mpasuko huo moto wa chini hupata njia ya kupanda. Moto huo ndio ulioijenga milima ya Virunga. Zaha yake iliziba bonde, na ziwa likajaa. Majivu yake yalioza yakawa udongo wa kabeji za Kibumba. Mawe yake meusi ndiyo yaliyojengewa kuta za nyumba za Goma. Na baada ya 2002 watu walivunja zaha iliyozifunika nyumba zao wakaijengea nyumba mpya palepale. Mkono uliotoa ndio uliotwaa. Mwenye kusema kuwa anataka viazi lakini hautaki mlima, hajui anachokisema.

Hapo ndipo watu hukosea kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya yule anayetazama uzuri peke yake. Huyu husema nchi ni pepo, hujenga juu ya njia ya zaha ya jana, na akionywa hucheka. Amesahau kwamba dunia haikuahidiwa kuwa pepo.

Njia ya pili ni ya yule aliyeona ukali akakata tamaa. Husema mlima ni katili, na moyoni mwake, pasipo kutamka, humtuhumu Aliyeuumba. Huyu hafai kukaripiwa kwa pupa, kwani mara nyingi ni mtu aliyezika. Lakini na aulizwe kwa upole: ukatili ni nini? Ukatili ni mtu kujua maumivu ya mwenzake na kuyataka. Mlima haujui wala hautaki. Moto unaunguza kwa kuwa hiyo ndiyo tabia uliyopewa, na maji yanazamisha, na jiwe linaanguka. Mlima unafuata sheria yake kama jua linavyofuata njia yake. Kati ya viumbe wa nchi hii anayeweza kuitwa katili ni mwanadamu peke yake, kwa sababu yeye amepewa khiari.

Njia ya tatu ndiyo mbaya kupita zote, nayo husikika mara nyingi baada ya msiba, wakati mwingine hata barazani pa msikiti. Ni ya yule asemaye: walioteketea waliteketezwa kwa madhambi yao, mtaa ule ulikuwa na pombe, nyumba ile ilikuwa na zina. Na mtaa wake yeye ulisalimika, kwa hiyo humo wamo wachamungu! Maneno hayo humwangukia mama aliyefiwa kama zaha ya pili.

Na Mwislamu asiyejua la kujibu, na airudie siku moja katika maisha ya Mtume (S.A.W.) kule Madina, katika mwaka wa kumi wa Hijra. Siku hiyo mwanawe mdogo, Ibrahim, alifariki angali mtoto wa kunyonya. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kuambiana kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Lau angekuwa mtu mwenye kutafuta utukufu, neno hilo lingemtosha. Mbingu yenyewe imemwomboleza mwanawe! Lakini yeye aliwasimamia watu, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Wakiona hayo, basi wasali na waombe.

Basi ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, ni nani awezaye kudai kuwa mlima ulipasuka kwa ajili ya mtaa fulani? Ni kweli kwamba kila tetemeko ni ukumbusho, na toba ni wajibu wakati wote. Lakini toba ni mlango ambao kila mtu huingia peke yake. Si rungu la kumpigia jirani.

Na siku hiyo ya Ibrahim ina somo jingine. Mtume (S.A.W.) alilia. Machozi yalimtoka, na baadhi ya masahaba wakastaajabu, naye akawaeleza kuwa hiyo ni rehema. Jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Yamekusanyika basi mambo mawili katika siku moja: alikubali kuumia, na alikataa kuzifanya mbingu ziseme lisilokuwamo. Katika kuishi na ardhi hii, haya mawili ndiyo msingi. Aliyefiwa asiharakishwe kunyamaza kwa kuambiwa kwamba ni kadari. Anajua kuwa ni kadari. Anachokosa ni mtu wa kuketi naye. Naye ana bishara katika mafundisho ya Mtume, kwamba aliyefia majini, na aliyeangukiwa na jengo, na aliyeungua kwa moto, wamehesabiwa miongoni mwa mashahidi.

Ama namna ya kuitazama dunia yenyewe, Qur'ani imeifundisha katika Suratur Ra'ad, pale inapotajwa umeme wa mawinguni. Humo umeme umewekwa kuwa ni khofu na tumaini kwa pamoja. Haukutajwa kuwa khofu kwa waovu na tumaini kwa wema. Wala haikusemwa kuwa leo ni khofu na kesho ni tumaini. Ni mwako mmoja, na mtu mmoja anayeutazama, na ndani ya kifua kimoja mna mambo yote mawili: msafiri na mkulima wamo katika nafsi moja. Bibi Aisha, Mungu amridhie, amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipoona wingu zito au upepo mkali, uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka, na mvua iliponyesha, hali hiyo ikamwondoka. Huyo ndiye aliyemjua Mwenyezi Mungu kuliko watu wote. Hakusema kuwa kwa cheo chake yeye mawingu hayamhusu.

Mwenye khofu bila ya tumaini hukimbia asirudi, au hukaa akanyauka. Mwenye tumaini bila ya khofu hulala kinywani mwa mlima. Mwenye vyote viwili hukaa macho, akalima, akajenga, na mizigo yake ya safari akaiweka karibu na mlango.

Bwana Mwenyekiti, hapo ndipo imani inapogeuka kazi. Sayyidna Umar, katika ukhalifa wake, alipokuwa akielekea nchi ya Sham, aliletewa khabari kuwa maradhi ya tauni yamezuka huko. Alishauriana na watu, akaazimia kurejea. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja ni mkavu: akilisha huku ni kwa kadari, na akilisha kule ni kwa kadari. Basi kuondoka inapotolewa amri ya kuhama si upungufu wa imani. Ni kuchagua upande wa bonde.

Goma ina kituo cha kuuangalia mlima kilichoanzishwa mwaka 1986, na watu wake wamezoea kutangaziwa hali ya mlima kwa rangi nne: kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Kujifunza maana ya rangi hizo, na kumfundisha mtoto wa madrasa pamoja na herufi zake, ni katika kulinda nafsi, nako kulinda nafsi ni moja ya makusudio makubwa ya sheria. Kadhalika mazuku: mtoto asiachwe kucheza katika shimo la ufukoni alfajiri, mbuzi akilala humo, asifuatwe, kwani wengi wamefia juu ya mbuzi wao. Kila nyumba na ichague mahali pa kukutania ikiwa watu watapotezana usiku, na kila mtoto ajue jina kamili la baba yake na mtaa wake. Hayo hayagharimu hata senti moja.

Na hata ziwa, pamoja na vilindi vyake vya kutisha, limeonyesha kuwa elimu yaweza kugeuza khofu kuwa nafuu. Katika nchi ya Cameroon, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika gesi yake usiku na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya ng'ombe. Mwaka 2001 uliwekwa bomba la kuitoa gesi kidogo kidogo. Huku Kivu, upande wa Rwanda, karibu na Karongi, mtambo wa KivuWatt huvuta methani ya ziwa na kuifanya umeme wa megawati 26. Kile kile ambacho kingeweza kuua kimewasha taa ambayo mtoto husomea juzuu yake.

Lakini elimu pekee haitoshi, maana siku ya moto itakuja tu. Siku hiyo kipimo hakitakuwa mlima. Kipimo kitakuwa watu. Mwaka 2002, na tena mwaka 2021, iko milango ya Gisenyi iliyofunguliwa kwa watu wasiojulikana majina, pakatandikwa mikeka, pakapikwa sufuria kubwa, bila kuuliza mgeni ni wa kabila gani wala wa dini gani. Ndivyo walivyofanya Ansari wa Madina kwa Muhajirina. Mlima haukuchagua nani wa kumdhuru. Wenye milango nao hawakuchagua nani wa kumpokea. Huko ndiko kuujibu ukali wa maumbile kwa jibu linalomstahiki mwanadamu. Mlima hauna huruma kwa sababu haukupewa. Mwanadamu amepewa, basi akiizuia, hana udhuru ambao mlima unao.

Kwa hiyo inafaa jumuiya isingojee kutetemeka kwa ardhi ndipo ipitishe kapu. Sanduku la msiba na lijazwe wakati wa kijani, lisingojee nyekundu. Na vijana wenye chukudu na pikipiki waandikwe majina mapema, kila mmoja ajue ni mzee gani, mgonjwa gani au mjane gani atakayemchukua siku hiyo.

Ndugu Waislamu, jioni wingu la Nyiragongo litakapokuwa jekundu tena, mwenye kulitazama asione haya kusema kuwa ni zuri, kwani ni zuri, wala asione haya kuogopa, kwani Mtume (S.A.W.) aliliogopa wingu. Atie udhu wake, asali Isha yake, awaombee waliolala chini ya mawe yale meusi. Kisha kabla ya kulala, atazame kama viatu vya watoto viko karibu na mlango.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliobaki, awakutanishe waliopotezana, na awajaalie waja Wake kuiona ishara Yake katika neema na katika msiba, na kuhurumiana katika yote mawili. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.